Jinsi Selina Alivyomlea Lea

Selina alipoolewa na Mathayo, mwaka 1951, alikuta nyumbani mtoto wa miaka sita aitwaye Lea. Mama yake alikuwa amefariki miaka miwili kabla, kwa homa ya wakati wa mvua, na tangu hapo mtoto alilelewa kwa zamu. Leo alikuwa kwa jirani huyu, kesho kwa yule, na kila aliyempokea alimrudisha mapema kuliko alivyoahidi. Watu walikuwa na utani wao. Walisema jina lenyewe ni amri, Lea, lakini kumlea nani anaweza?

Kijiji chao kilikuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Ilongero. Mathayo alikuwa na ng'ombe kumi na mmoja, shamba la uwele, na tembe yenye paa la udongo ambalo juu yake walianika nafaka. Wiki ya kwanza ya ndoa Lea alipanda juu ya paa hilo kufukuza kuku, akawa anakimbia huku na huku, hata udongo ukabonyea. Mathayo alikuwa amelala kidogo baada ya kulima. Aliamshwa na vumbi, akafumbua macho, akaona mguu mdogo unaning'inia juu ya kitanda chake.

Hayo yalikuwa madogo. Selina alimtuma Lea kwa jirani kuomba moto, akarudi baada ya muda mrefu akiwa amekumbatia kifaranga cha kanga, moto hana, na hakumbuki kama alitumwa moto. Alimwambia aangalie maziwa yasimwagike. Lea aliyaangalia kweli, mpaka panzi aliporuka mlangoni. Alimwambia afunge ndama, akafunga kamba nusu, akaitwa na jambo jingine. Asubuhi ndama walikuwa wamenyonya mama zao usiku kucha, hapakuwa na tone la kukamua. Kanisani alijibu maswali ambayo katekista alikuwa anajiuliza mwenyewe katika mahubiri.

Lakini mtoto huyohuyo alikuwa na tabia moja. Katikati ya mchezo wake alikuwa anakuja mbio mpaka alipo Selina, iwe anasaga au anapepeta, anaweka paji la uso kwenye mgongo wake na kulikandamiza kwa nguvu, anavuta pumzi mara mbili tatu, kisha anaondoka mbio tena bila kusema neno. Selina alikuwa na miaka ishirini na mbili, hajazaa bado. Mara ya kwanza aliposikia joto la lile paji la uso mgongoni mwake, aliacha kusaga akatulia. Baadaye alijikuta anasubiri.

Mathayo alikuwa mtu mpole. Hakumpiga ng'ombe wala mbwa. Kwa Lea tu sauti yake ilikuwa inabadilika, inakuwa ngumu, kama ya mtu anayeogopa kitu. Selina hakuelewa anaogopa nini. Alichokiona ni kwamba mume wake naye hawezi kukaa muda mrefu mahali pamoja. Barazani, wazee wakiwa bado wanasalimiana, yeye alikuwa ameshaondoka kwenda kuangalia ng'ombe ambao hawakuwa na shida yoyote.

Mwezi wa kwanza wa mwaka uliofuata Lea alipelekwa shule. Ilikuwa shule ndogo ya misheni, ya miti na udongo, yenye vyumba viwili vilivyotengwa kwa ukuta wa matete. Kulikuwa na darasa la kwanza na la pili, na mwalimu mmoja aliyekuwa akitoka huku anaingia kule. Aliitwa Anselm. Baada ya majuma mawili Mwalimu Anselm alimwita Mathayo. Alieleza kwamba mtoto anasimama bila ruhusa, anajibu kabla swali halijaisha, ameshapoteza vibao viwili vya kuandikia, na wenzake wote wanamtazama yeye badala ya ubao. Alikuwa amemchapa. Lea alilia, akaomba msamaha kwa moyo wake wote, na kabla machozi hayajakauka alikuwa dirishani anaangalia mbuzi. Mwalimu alisema hamfukuzi, ila ana watoto arobaini na hajui afanye nini.

Mathayo alimchukua Lea kesho yake mpaka zahanati iliyokuwa kando ya barabara. Dresa wa pale, mtoa dawa aitwaye Antipasi, alikuwa mtu wa makamo mwenye mikono misafi na maneno machache. Alimpa chupa ya dawa ya maji yenye ladha ya chumvi, akaagiza kijiko kimoja asubuhi na kimoja jioni.

Dawa ilifanya kazi. Lea alitulia. Alikwenda shule akakaa, akarudi akakaa. Majirani walimpongeza Mathayo, na Mwalimu Anselm alituma salamu za shukrani. Yalipita majuma matatu hivyo, na nyumba ikawa na ukimya ambao Selina hakuuzoea.

Siku moja mchana alimwona Lea ameketi kizingitini. Nzi alikuwa anatembea pembeni mwa mdomo wake. Selina alisubiri amfukuze. Nzi alitembea mpaka kwenye pua, akarudi mdomoni, na mtoto hakuinua mkono. Selina alimwita. Lea aligeuka polepole, kama mtu anayegeuka ndani ya maji.

"Mama mdogo," alisema, "kichwa changu kimejaa ugali."

Selina alimfukuza yule nzi kwa upande wa kanga yake. Akakumbuka kwamba tangu chupa ile iingie nyumbani, mgongo wake haujaguswa.

Asubuhi alifunga chupa kwenye kitambaa, akaenda zahanati peke yake bila kumwambia mume wake. Alimweleza Antipasi yote, akitazamia kukaripiwa. Dresa hakukasirika. Alisikiliza mpaka mwisho, akakiri kwamba dawa ile ni ya watu wazima wenye kifafa, na kwamba alimpa mtoto kwa sababu baba yake alionekana amechoka sana, na rafuni hapakuwa na kingine. Alimwonyesha jinsi ya kupunguza kidogo kidogo kwa siku kadhaa kabla ya kuacha kabisa, asiikate ghafla.

Selina alimuuliza, basi nimpe nini badala yake.

"Mimi sina cha kukupa," Antipasi alisema. "Watoto kama huyu nimewaona. Hawana wazimu wala si wabaya. Mtazame. Angalia ni wakati gani anakuwa mzuri, na ni wakati gani anaharibika, na nini kimetangulia. Wewe unakaa naye. Mimi nimemwona mara moja tu."

Jioni Selina alimwambia mume wake alikokwenda. Mathayo alisema kwamba amechoka kuitwa shuleni na kuchekwa kisimani. Dada yake, Dorika, aliyemlea baada ya mama yao kufa, anaishi Kilimatinde na kufua nguo misheni. Ni mwanamke mkali, hachezewi. Kama mpaka mavuno Lea hajatulia shuleni, Dorika atamchukua. Selina hakubishana. Alihesabu miezi tu. Mavuno yalikuwa mwezi wa sita, na sasa ulikuwa wa tatu.

Akaanza kutazama, kama alivyoambiwa.

Jambo la kwanza aliloliona lilikuwa njaa. Lea alikuwa anaamka kabla ya jogoo, anacheza, kisha anakwenda shule tumbo tupu kwa sababu hakumbuki kula. Selina alianza kupika uji mzito wa uwele kwa maziwa na karanga zilizotwangwa, akawa anasimama mbele yake mpaka bakuli liishe. La pili lilikuwa mbio. Siku ambazo Lea alikimbia sana asubuhi, ndizo alizokuwa na masikio. Basi kabla ya shule akapewa kibuyu kidogo cha kuteka maji, safari mbili, na kupeleka ndama malishoni. Watu waliona Selina anamchosha mtoto wa mwenzake. Wengine walisema wazi kwamba ndiyo mambo ya mama wa kambo. Maneno yalimuuma, lakini uji na maji havikukoma.

La tatu ni usingizi. Lea alikuwa analala popote usingizi unapomkuta, karibu na moto, wanaume wakiongea juu yake. Selina alimhamishia ngozi yake ya kulalia chumba cha ndani, na jua likizama tu alikuwa anampaka samli miguuni, polepole, kidole kwa kidole, huku anamsimulia kwa Kinyaturu hadithi ileile ya sungura, kwa maneno yaleyale. Usiku wa kwanza Lea aliamka mara saba. Baada ya mwezi mmoja, Lea alikuwa analala kabla sungura hajafika mtoni.

Na maneno. Selina aligundua kwamba akimwambia Lea mambo matatu, yote matatu yanapotea, na akimwita kwa mbali, mtoto anasikia sauti bila maneno. Basi aliacha kupiga kelele. Alikuwa anakwenda mpaka alipo, anamwekea mkono begani, anangoja macho yakutane.

"Lea, funga ndama."

"Nifunge ndama."

Kisha anakwenda kweli, anafunga, na Selina anamsifu palepale kabla hajasahau anasifiwa kwa nini.

Si kila kitu kilifaa. Alimfundisha kusuka ukili wa mkeka, akidhani mikono ikiwa na kazi mwili utatulia, lakini Lea alisuka vidole vitatu vya urefu, akaondoka. Alimpa kamba yenye mafundo, kila fundo kazi moja, naye akaifungua yote akatega ndege. Kulikuwa pia na siku mbaya. Siku moja Lea alimwaga unga wa siku mbili, Selina akamchapa kibao, kisha akaenda nyuma ya kihenge cha nafaka akalia, kwa sababu mtoto hakukasirika. Alimfuata huko nyuma akamuuliza mama mdogo, nani amekupiga.

Jambo lililosaidia kuliko yote walilipata kwa bahati. Selina alikuwa anasuka maziwa, yaani anatikisa kibuyu kikubwa cha mtindi kilichoning'inizwa kwa kamba ili siagi ijitenge. Ni kazi ndefu, ya mbele na nyuma, mbele na nyuma, na wanawake wengi huichoka. Alimpa Lea ashike kidogo ili yeye akaangalie sufuria. Alipochelewa kurudi alidhani atakuta kibuyu kinaning'inia chenyewe. Lea alikuwa bado anakisukuma, na kwa kila mwendo anasema silabi moja. Ba, be, bi, bo, bu. Da, de, di, do, du. Mwili ulikuwa na kazi yake, na kichwa kikawa na nafasi. Tangu siku hiyo maziwa ya nyumba ile yalisukwa na Lea, na masomo ya shule yalirudiwa kwenye kibuyu.

Selina alikwenda kwa Mwalimu Anselm. Haikuwa kawaida mwanamke kwenda kumfundisha mwalimu, naye alijua, hivyo alisimama mlangoni akaomba radhi kwanza. Alimwomba aje siku moja asikie kwa masikio yake. Mwalimu alikuja siku ya pili baada ya masomo, pengine kwa heshima ya Mathayo zaidi. Alikaribishwa kigoda, akapewa maziwa. Nyuma ya nyumba Lea alikuwa na kibuyu, hakujua kama kuna mgeni. Mwalimu alisikia ba na da, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika. Kisha akasikia nya, nye, nyi, nyo, nyu, na ng'a, ng'e, ng'i. Akaweka maziwa chini.

"Hizo sijamfundisha," alisema.

"Amezitoa wapi basi, Mwalimu?"

Anselm alifikiri. Silabi hizo alikuwa amewafundisha darasa la pili, upande wa pili wa ukuta wa matete, siku ambazo alimchapa Lea kwa kuangalia dirishani.

Jumatatu alimhamisha Lea kutoka dirishani akamweka mbele, karibu na ubao, mahali ambapo angeweza kumgusa bega akipita. Alimpa kazi ya kugawa vibao na kuvikusanya, ili awe na sababu ya kusimama. Na alipoona miguu yake imeanza kugonga sakafu, alimtuma azunguke shule mara mbili. Watoto wengine walilalamika kwamba nao wanataka kuzunguka. Mwalimu aliwaruhusu wote, kati ya hesabu na kusoma, na baadaye alikiri kwa Mathayo kwamba alikuwa anasikilizwa na wanafunzi wengi zaidi baada ya mbio kuliko baada ya fimbo. Fimbo yenyewe hakuitupa. Ilibaki kwa ajili ya wavulana wa darasa la pili.

Hata hivyo Lea alikuwa Lea. Alipoteza kibao cha tatu. Hesabu zilimshinda, kwa maana alikuwa anaruka mstari. Mavuno yalipofika, Mathayo aliona nafuu, lakini hakuona kutulia, na hakuwa mtu wa kurudi nyuma katika neno lake. Dorika alitumiwa habari, akaja. Alipanda lori hadi Singida mjini, kisha akatembea na mzigo wake kichwani. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye viganja vilivyokunjamana kwa maji na sabuni. Mathayo alimpa shikamoo kwa kichwa kilichoinama, kama mtoto.

Dorika alikaa siku nne akitazama, anasema kidogo. Aliona uji wa asubuhi, aliona mkono begani, alisikia kibuyu. Aliona pia Lea akimletea maji ya kuoga, akayaacha njiani kumsalimu mbuzi. Selina alimhudumia vizuri kuliko mgeni yeyote, na moyo wake ulikuwa mzito, kwa sababu nguo za Lea zilikuwa zimeshafuliwa na kukunjwa.

Siku ya tano walikuwa wanapura uwele. Mchana Lea aliambiwa awafungie ndama, akawafungia, ila lango hakulisukuma mpaka mwisho. Ndama wakalisukuma, wakatoka. Walipogutuka, ndama watatu walikuwa wamesimama katikati ya lundo la uwele uliopurwa, wanakula na kukanyaga. Mathayo alitupa mti wa kupuria, akaokota fimbo ndogo, akamwita Lea kwa sauti ile ngumu. Mtoto alikuja, anatetemeka. Selina aliinuka.

"Mathayo," Dorika alisema, bila kupandisha sauti. "Kaa chini."

Mathayo alisimama tu.

"Kaa, mdogo wangu. Ile nguzo umeisahau?"

Akakaa. Dorika akamgeukia Selina, akamweleza yaliyokuwa. Mathayo alipokuwa na umri wa Lea, alikuwa vilevile. Alipoteza mbuzi, alimwaga maziwa, hakukaa. Baba yao alisikia maneno ya watu mpaka akachoka, akachukua kamba ya ng'ombe akamfunga kwenye nguzo ya tembe, tangu asubuhi hadi ng'ombe warudi. Alifanya hivyo msimu mzima. Dorika, akiwa msichana, ndiye aliyekuwa akimfungua jioni na kumkanda miguu.

"Sasa niambie," alimwambia mdogo wake, "kamba ilikutuliza?"

Mathayo aliangalia uwele uliokanyagwa.

"Nilitaka aache mapema," alisema. "Kabla watu hawajaanza kumchukia."

Selina hakuwahi kumsikia akisema jambo kama hilo. Alielewa sasa kile ambacho mume wake alikuwa anakiogopa, na hasira aliyokuwa ameiweka miezi mingi ikamtoka, akakaa chini kwenye makapi karibu naye.

Dorika aliwaambia kwamba hatamchukua mtoto. Alisema kwake kuna nguo nyingi za kufua na hakuna mtu wa kumtazama, na mtoto huyu anataka kutazamwa. Aliondoka keshokutwa yake, akiwa na kibuyu kidogo cha samli aliyoitikisa Lea.

Jioni ya siku ile ya kupura Mathayo alimchukua Lea wakaenda zizini wawili. Selina aliwaona kwa mbali. Aliona mwanamume ameinama, ameweka mkono begani mwa mtoto, akiiga kwa aibu kidogo, kama mtu anayevaa koti la mwenzake. Alimwonyesha jinsi lango linavyogonga nguzo likifungwa mpaka mwisho, akamwambia sikiliza, kama haligongi halijafungwa. Wakalifungua na kulifunga mara nyingi kuliko ilivyohitajika, mpaka ng'ombe wenyewe wakashangaa.

Kiangazi chote walichunga pamoja baada ya shule, baba na binti, wote wawili wasioweza kukaa. Walikwenda mbali mno, wakarudi na mavumbi, wakiwa na habari za nyuki na nyayo. Lea alirudia darasa la kwanza mwaka uliofuata. Hakuna aliyelificha jambo hilo, na hakuna aliyemcheka sana, kwa sababu kusoma alikuwa anawashinda wenzake wote. Mwalimu Anselm alikuwa anamwacha asome akiwa amesimama. Mwandiko wake ulibaki kama njia ya kuku.

Mwisho wa mwaka huo, Selina akiwa na mtoto mchanga mgongoni, Philipo, ilikuja barua kutoka Kilimatinde. Mathayo hakuwepo, na Selina hakujua kusoma. Alimwita Lea, akamshika bega, akampa karatasi.

Lea alianza kusoma palepale, na miguu yake nayo ikaanza. Alisoma huku anazunguka uwanja, kihenge, zizi, mlango, na Selina akawa anageuka naye ili asipoteze neno. Shangazi Dorika aliwasalimu wote. Alisema samli ilikuwa njema. Alisema Lea aletwe wakati wa likizo, si kwa kufunzwa, ila kwa kumchekesha, maana misheni kuna ukimya mwingi. Alipofika kwenye habari za bei ya sabuni, jogoo alipita na mjusi mdomoni. Lea aliweka barua juu ya jiwe, akamkimbiza mpaka nyuma ya nyumba.

Selina alingoja. Alimpapasa Philipo mgongoni. Baada ya kitambo Lea alirudi anahema, akaokota karatasi, akapitisha kidole juu ya mistari, akapata mwenyewe mahali alipoachia, akaendelea.